Mashimo Waliyoyaacha Wabia

Ubia niliujua tangu utoto. Baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani pale Ng'ambo, mjini Tabora, alikuwa na ubia wa mizinga ya nyuki na mzee jirani yetu. Mmoja alichonga mizinga, mwingine akaipandisha mitini, na asali ikija waliigawana kwa kata ileile, mwaka huu akichota kwanza huyu, mwakani yule. Hawakuandikiana chochote. Nilidhani ubia wote duniani uko hivyo, mpaka nilipopakiwa kwenye Land Rover moja ya serikali, kwenye barabara ya vumbi ya kutoka Tabora kwenda Nzega, katikati ya watu wawili waliokuwa wanakwenda kwa mama yangu mkubwa kutafuta dawa.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, watu wamekwisha kuhamishwa kutoka mashambani mwao na kupangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa karani wa stoo ya dawa katika zahanati ya mjini. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwa sababu stoo ilikuwa na rafu nyingi kuliko dawa. Nilizipangusa kila asubuhi, nikamshukuru Mungu kwa mshahara, nikaandika ripoti ya mwezi.

Ripoti ndiyo iliyoniponza. Mfugaji mmoja alikuja kwetu na kidonda ndugu mguuni, kile kidonda kinachokula nyama hadi mfupa uonekane. Hatukuwa na sindano ya kumchoma. Tukamfunga kitambaa, tukamwombea heri. Miezi miwili baadaye akaja kwa miguu yake kumsindikiza mkewe, kidonda kimeziba, ngozi mpya inang'aa kama ya mtoto. Nikamwuliza nani kamtibu. Akanitajia bibi mmoja wa Puge, kijiji cha njia ya Nzega, na bibi huyo alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Nikavimba kichwa. Nikaiandika habari hiyo kwenye ripoti, kirefu, kwa mwandiko mzuri, kana kwamba mguu ule niliuponya mimi.

Ripoti ikapanda ngazi. Sijui ilipita meza ngapi, lakini ilifika kwenye taasisi moja ya utafiti huko pwani, na kutoka hapo ikavuka bahari hadi kwenye kampuni moja ya dawa ya Ulaya. Ndipo wakaja hao wawili. Wa kwanza alikuwa mgeni wa kampuni, mtu mrefu mwenye adabu, anayejifuta vumbi kwa leso nyeupe. Wa pili alikuwa mtaalamu wa taasisi, Mzaramo, kijana bado, mwenye viatu vyeusi vya kung'aa na faili kwapani. Wizara nayo ilikuwa mbia, ila haikuja. Ilituma muhuri.

Njiani mgeni alitueleza maana ya safari, mtaalamu akitafsiri pale Kiingereza changu kilipokwama. Alisema kampuni yake ina maabara kubwa, ina wasomi wengi, lakini dawa mpya haziji tena kwa urahisi kama zamani. Kuzitafuta mwanzo kabisa, pale ambapo mia zinajaribiwa na moja ndiyo inayoonyesha dalili, ni kazi ya hasara. Basi kampuni imeamua kutafuta wabia wa nje: hawa wakusanye, hawa wapime mara ya kwanza, hawa watoe kibali, na kile kitakachoonyesha uhai ndicho kampuni ikiendeleze. Kila mtu alete alicho nacho. Nilitikisa kichwa, nikaona ni jambo la busara. Leo naweza kulieleza kwa maneno machache zaidi. Kazi ya kukosea walitugawia sisi.

Mama mkubwa tulimkuta barazani pa nyumba yake mpya, anamenya karanga. Nyumba ile hakuipenda. Shamba lake la zamani lilibaki mbali, mwendo wa saa nzima, na huko kwenye mahame yake kulikuwa na kitu kimoja tu alichokililia, kichaka cha miti yake ya dawa. Kichaka chote hakikuzidi ukubwa wa zizi la mbuzi. Vishina vyake vililetwa na mama yake, na yeye akavitunza maisha yake yote. Watu walikuja kwake kutoka Nzega na Igunga, na kila aliyetibiwa alitibiwa kwa mizizi ya pale. Alikwisha kuniambia tangu siku ile ya kuhama: "Nyumba wanipe yoyote. Kile kichaka kikiisha, nami nimekwisha."

Mtaalamu akatangulia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu katoka wapi? Viatu vyake vinang'aa kuliko uso."

"Ni Mzaramo, mayu," nikamjibu. Kwetu mama huitwa hivyo.

Karanga zikamwagika. "Mzaramo! Mtani wangu! Basi leo nimepata wa kunizika!"

"Ndicho nilichofuata, bibi," akasema kijana, uso umefunguka. "Nimesikia Wanyamwezi mnakufa mkiwa bado mna mizigo kichwani, nikaja kuwatua."

"Tulibeba mizigo yenu! Nyinyi mlikuwa mmelala chini ya mnazi mnangoja nazi idondoke yenyewe, na ikidondoka mnagombana nani ainame."

"Na mlipofika pwani nani aliwafundisha kuvaa?"

"Mlitufundisha kuvaa, mkatuibia nguo."

Mgeni aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasalimiana.

Utani huu si mzaha wa barazani tu. Ulizaliwa katika njia ileile ya misafara, kutoka kwetu hadi baharini, wakati wazee wetu walipokuwa wapagazi wa pembe na kupita nchi za watu kwa miezi. Mpagazi aliyeugua Uzaramo alipokelewa na mtani, na mtani akifika huku alikula kwetu bila kuuliza. Mtani ana haki ya kukamata kuku wako mbele ya macho yako, nawe ukacheka. Lakini ukifa, huyohuyo ndiye anayekuja kushika jembe na kuchimba kaburi. Haki na wajibu vilikwenda pamoja, na hakuna aliyehitaji muhuri wa wizara.

Kijana alizijua haki zake vizuri sana. Alimrukia tetea mmoja wa rangi ya madoa, kuku bora pale uani, akamnyanyua juu. "Huyu wangu!"

Mama mkubwa alicheka hadi akashika mbavu. "Mchukue, mwizi mkubwa! Na siku yangu uje na jembe."

"Nitakuja na trekta, bibi."

Kuku akafungwa miguu, akawekwa nyuma ya gari. Ndipo mtaalamu akaomba dawa, kwa heshima, lakini kwa sauti ileile ya mtani aliyezoea kupewa. Mama mkubwa alinigeukia mimi.

"Mwanangu, hawa watafukia mashimo?"

"Watafukia, mayu."

"Watarudi?"

"Watarudi."

Nilisema hivyo kwa wepesi, mimi niliyelelewa chuoni, niliyefundishwa kwamba ahadi itaulizwa. Niliahidi kwa niaba ya watu ambao hata majina yao sikuweza kuyatamka.

Akatupeleka kwenye mahame. Baba yangu, aliyekuwa mkali sana kwa mambo ya ushirikina, hakuwahi kumkataza shemeji yake kazi hii. Alisema mti ni wa Mungu, na uponyaji ni wa Mungu, na mama mkubwa huchimba tu. Mama mkubwa alichimba kwa utaratibu alioachiwa na mama yake. Mzizi mmoja wa upande wa mawio, mzizi mmoja wa upande wa machweo, shina lisiguswe. Kisha shimo lifukiwe palepale na yule atakayepokea dawa, kwa mikono yake, na udongo ukandamizwe. Mtaalamu alifukia kwa ncha za vidole, akiinua suruali isiguse chini. Mgeni akapiga picha.

Kulikuwa na kanuni ya pili. Anayetaka kujifunza hupewa mti mmoja kwanza. Huenda nao, akamtibu mtu mmoja, kisha hurudi na kueleza mgonjwa yule aliendeleaje. Hapo ndipo huambiwa lililobaki. Mama mkubwa alilieleza hilo wazi, nami nikalitafsiri neno kwa neno. Mgeni akafurahi. Akasema na kwao ni hivyohivyo, majibu yatarudi bila shaka.

Tuliporudi mjini nilionyeshwa mkataba, niweke saini kama shahidi. Ulikuwa kwa Kiingereza, kurasa nyingi. Wabia walikuwa watatu: kampuni, taasisi, wizara. Nikatafuta mama mkubwa yuko wapi. Nilimpata mwishoni, kwenye kiambatisho, baada ya orodha ya chupa na magunia. Aliandikwa kuwa "chanzo cha kienyeji." Hivyo ndivyo mtu anavyoandika habari za kisima. Nikaweka saini. Nilikuwa karani, na karani hulka yake ni kuweka saini.

Majibu ya kwanza yalirudi upesi. Katika visahani vyao vya kioo mzizi ule uliua vijidudu. Lakini hawakuja kumwambia bibi. Walimwandikia mwenyekiti wa kijiji kwamba yanahitajika magunia ya mizizi, haraka, kabla ya mvua.

Mama mkubwa alikuwa kwangu Ng'ambo wiki hiyo. Mke wangu alikuwa amejifungua, naye alikuja na karanga na siagi kumwangalia mzazi. Nakumbuka alivyombeba mtoto akimwimbia Kinyamwezi, nami nikijiona mtu mwenye bahati. Huko Puge mwenyekiti alikuwa amekwisha kupiga kengele ya chuma kuwaita watu kazini.

Nilipomrudisha Puge tulikuta kila kitu kimekwisha. Pale palipokuwa na kichaka palikuwa na mashimo, mengine yanafika magotini, udongo mwekundu umetupwa huku na huku, matawi yanakauka juani. Waliofanya hivyo walikuwa majirani zake, watu waliotibiwa na mizizi ileile na wanaoujua utaratibu wake tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Wenyewe wasingethubutu kung'oa shina la bibi hata wakilewa. Lakini agizo lilikuja kwa barua ya serikali, likatangazwa kuwa kazi ya kijiji, kama kulima pamba. Kwa fikira zao, kazi ya kijiji haina miiko ya mtu. Walichimba kama wanavyochimba msingi wa shule, kwa zamu, wakiimba.

Mama mkubwa alimfuata mwenyekiti ofisini kwake. Mimi nyuma.

"Nani kaniulia miti yangu?"

"Bibi, tulia. Siyo miti yako tena, ni ya taifa."

"Taifa lilichimba upande wa mawio au wa machweo?"

"Dawa ya taifa haina mawio wala machweo, bibi. Tulichimba pande zote."

"Na nani alifukia?"

Mwenyekiti akanitazama mimi, kana kwamba jibu linakaa mjini. "Walisema wataalamu watakuja kufukia. Ndugu karani atueleze."



Siku hiyohiyo jioni alifika mwanamke mmoja kutoka upande wa Igunga, kajifunga mguu kwa kipande cha kanga. Alikuwa ametembea siku mbili. Mama mkubwa aliufungua mguu, akauosha kwa maji ya chumvi, akaufunga tena kwa kitambaa safi. Kisha akamwambia aende hospitali. Mwanamke akasema, "Hospitali ndiyo iliyonileta kwako, mama." Nililala pale usiku ule.

Mvua zikapita mara mbili. Barua ikaja, safari hii kwangu, nakala ya nakala. Nilikwenda Puge kumsomea mama mkubwa. Ilisema kwamba sampuli haikuthibitisha matarajio katika hatua iliyofuata. Kwamba wanyama waliotibiwa walionyesha nafuu ya mwanzo, lakini vidonda havikuziba. Kwamba utafiti huo umefungwa. Kampuni inawashukuru wabia wote.

Mama mkubwa alisikiliza huku akipepeta.

"Walimpa mnyama gani?"

"Panya, mayu."

"Panya ana kidonda ndugu?"

"Walimtia wao."

"Masikini panya." Akapepeta tena. "Wakampa mzizi peke yake?"

"Mayu, ndio uliowapa."

"Mzizi unaosha. Haufungi. Wa kufunga ni mwenzake." Akaweka ungo chini. "Si niliwaambia warudi?"

Watu wenye maabara, wenye darubini, wenye ndege, walivuka bahari wakabeba nusu ya dawa. Wakaipima nusu ile miaka miwili. Kisha wakaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba bibi wa Puge hajui kitu. Kilichowashinda kilikuwa kurudi barazani na kusema "shikamoo, mgonjwa aliendelea hivi." Safari ya siku moja kutoka Tabora. Nimeishi na watu wajinga wengi, mimi nikiwemo, na Mungu ametuvumilia sote, lakini ujinga uliogharimiwa kiasi kile sijauona tena.

Nilifanya kosa la mwisho. Nilimwandikia mtaalamu nikamweleza kwamba ule mzizi una mwenzake. Huyo hakuchelewa. Alikuja na Land Rover nyingine, faili jipya, na barua ya kampuni nyingine, maana ile ya kwanza ilikwisha kujitoa. Alikuwa amenenepa kidogo. Alianza na utani tangu barabarani.

"Wanyamwezi bado mko hai? Nimekuja na jembe, nikidhani—"

"Lile jembe liko wapi?" akauliza mama mkubwa.

Akacheka. Mama mkubwa hakucheka.

"Yule uliyempa dawa yangu, alipona?"

"Mgonjwa gani, bibi?"

"Wewe ndiye unayejua."

Akafungua faili. Naapa alifungua faili, akapekua, kama mtu anayetafuta jina la mgonjwa ambaye hakuwahi kuwepo. Akaanza kueleza habari za awamu ya pili, na ubia mpya, na kwamba safari hii wanakijiji watatajwa kwenye taarifa.

Mama mkubwa aliingia ndani, akatoka na jembe. Akampa. "Kule kwenye mahame kuna mashimo. Kafukie kwanza. Nitakungoja hapa."

"Bibi, utani huo mkali."

"Leo si utani."

Kijana alilishika lile jembe kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Akatazama viatu vyake. Akasema jua ni kali, akasema muda ni mfupi, akasema ataliingiza jambo la mashimo kwenye makadirio ya mwaka ujao, waje vibarua. Mama mkubwa akanyoosha mkono.

"Basi lete jembe langu. Na kuku wangu pia."

"Kuku gani?"

"Mwenye madoa."

Tuliokuwepo tuliangua kicheko, hata dereva. Mtaalamu naye akajaribu kucheka. Kisha akapanda gari. Alikwenda bila mwenzake wa mzizi, na sikusikia kampuni ile ya pili iliishia wapi. Yawezekana ilipata mbia mwingine mwenye bibi mwingine.

Gari lilipopotea nikalichukua lile jembe. Sikuagizwa. Ahadi ilikuwa yangu, na sikuona sababu ya kungoja makadirio ya mwaka ujao. Nilifukia siku ile mpaka Alasiri, nikasali palepale kwenye udongo mwekundu, nikarudi tena juma lililofuata kwa basi la Nzega, na lililofuata tena. Mama mkubwa alikuja nami, akakaa kwenye kisiki akimenya karanga, akinielekeza. "Hapo hujakandamiza. Mikono, mwanangu, siyo miguu." Viganja vyangu vya ukarani vilitoka malengelenge. Kati ya shimo moja na jingine, bila kuinua macho kutoka kwenye karanga zake, aliniambia mwenzake ni upi, unachimbwa wapi, na unachanganywaje. Sikumwomba. Nilirudia maneno yake mara tatu nisije nikasahau, kama tulivyofanya chuoni.

Mvua zilipoanza vishina vitatu vilichipua. Vitatu tu, katika vyote vile. Alimtibu navyo mtu mmoja mmoja, kwa kudunduliza, akiwakataa wengine kwa uchungu, kwa kuwa mizizi bado ilikuwa michanga.

Alipofariki nilipeleka simu ya maandishi kwenye ile taasisi ya pwani. Nilitaka tu kuona. Hakuja mtu, wala jembe, wala trekta. Lakini tulipokuwa tunatafuta wachimbaji, alishuka kwenye basi mzee mmoja Mzaramo, fundi wa reli pale stesheni ya Tabora, ambaye hakumjua marehemu hata kwa sura. Alisikia sokoni kwamba kuna msiba wa Mnyamwezi Puge. Alivua shati, akadai pombe, akamtukana marehemu kwamba alikuwa mzito kama mizigo aliyozoea kubeba, akatuchekesha tukiwa na machozi, na akachimba kaburi lote mwenyewe. Tulipomlaza marehemu, akalifukia. Aliondoka na jogoo wangu, sikumwuliza.

Barua za ubia bado zinakuja, siku hizi kwa mjukuu wangu, zimepigwa chapa kwa rangi, na maneno ni yaleyale. Nimemwambia asiwajibu vibaya. Awaambie wanakaribishwa, vishina ni saba sasa, na pale pembeni kuna shimo moja ambalo sikulimaliza, maana mgongo ulikataa. Jembe liko nyuma ya mlango.